Nani Amesimama Mahali pa Nani? Neno Dogo la Kiyunani na Swali Kubwa



Tangu tulipoanza kusoma Injili ya Marko katika somo la Jumatano, maswali mawili yamekuwa yakirudi kila mara kuhusu sura ya 10 mstari wa 45, pale Bwana anaposema alikuja kutumika na kuutoa uhai wake uwe fidia. Mama mmoja wa kwaya aliuliza: fidia ya wengi ndiyo nini hasa? Alikufa kwa faida yao, au alikufa mahali pao? Na mzee mmoja akauliza swali gumu kuliko hilo. Alisema: ikiwa si haki kumpiga mtu kwa kosa la mwenzake, mbona tunahubiri kila Jumapili kwamba mmoja aliteswa kwa makosa ya wengine? Nimeona nijibu hapa kwa maandishi, maana Jumatano muda hautoshi, na mvua ikianza kupiga mabati hatusikilizani tena.

Nianze na lile la mama. Mahali ambapo Biblia yetu imeandika "ya" tu, Kiyunani kina neno dogo la herufi nne: anti. Walimu wa lugha huliita kihusishi. Limo mara 22 katika Agano Jipya lote. Vijana wakilisikia hufikiri upinzani, kwa sababu wanajua habari za Antikristo, na zahanati wamepewa dawa za antibiotiki. Maana hiyo ipo, lakini inatoka katika maneno yaliyounganishwa. Anti likisimama peke yake katika Agano Jipya halina maana ya kupinga. Asili yake ni kuelekeana uso kwa uso, kitu kimoja upande huu na kingine upande wa pili. Fikirini mizani ya dukani: huku jiwe, huku mchele. Ndipo neno likapata maana ya kubadilishana kitu kwa kitu, na ya mmoja kushika nafasi ya mwingine.

Msomaji wa Kiswahili hawezi kuliona neno hili, kwa sababu watafsiri walilazimika kulivika nguo nyingi. Katika Mathayo 2:22 Arkelao anatawala Uyahudi anti Herode baba yake, nasi tunasoma "mahali pa". Katika Luka 11:11 baba anaulizwa kama atampa mtoto nyoka anti samaki, nasi tunasoma "badala ya". Jicho anti jicho, katika Mathayo 5:38, limekuwa "kwa". Katika Yohana 1:16 neema anti neema imekuwa "juu ya", na hapo kwa maoni yangu tumepoteza kitu, maana picha ninayoiona ni ya neema moja ikiisha na nyingine mpya kushika nafasi yake, kama mana iliyookotwa kila asubuhi. Siwalaumu watafsiri. Kiswahili hakina neno moja linalobeba haya yote. Lakini ukijua kwamba nyuma ya maneno hayo yote limesimama neno moja, utaisoma Marko 10:45 kwa macho mengine: fidia anti wengi. Wao walikuwa upande mmoja wa mizani, na yeye akaingia upande wa pili.

Wengine watasema: lakini Paulo mara nyingi hatumii anti, hutumia huper, yaani kwa ajili ya. Ni kweli. Huper limetumika zaidi ya mara 100 katika Agano Jipya, na tofauti yao yafaa tuijue. Mama anapika kwa ajili ya mtoto, lakini hali mahali pa mtoto. Akila yeye, mtoto atalala njaa. Basi kuna walimu wanaosema huper ni kufaidisha tu, halina habari ya kushika nafasi. Hao nawaomba watazame mambo mawili. La kwanza ni barua kwa Filemoni mstari wa 13, ambapo Paulo angependa kubaki na Onesimo ili amtumikie huper Filemoni. Filemoni hayupo gerezani, Onesimo anafanya kazi ambayo Filemoni angeifanya. La pili ni karatasi za zamani za mafunjo zilizofukuliwa katika mchanga wa Misri: mikataba, risiti, barua za watu wa kawaida wa nyakati zile. Mtu asiyejua kuandika alikwenda kwa anayejua, na mwandishi akamalizia kwa kueleza kwamba ameandika huper fulani kwa sababu huyo hajui herufi. Sisi tunaijua sana habari hiyo. Siku ya mgao kuna anayeweka dole gumba, na kuna jirani anayemsaidia kuandika. Na yule mlemavu asiyeweza kusimama foleni, jirani husimama na kadi yake, akapokea unga na mafuta kwa niaba yake, na ule unga si wa jirani. "Kwa niaba" ndiyo neno letu lililo katikati ya "kwa ajili" na "badala". Kwa hiyo mama wa kwaya nimjibu hivi: ni yote mawili. Yeye afaaye watu kwa kushika nafasi yao amewafaa kweli. Na katika 1 Timotheo 2:6 mtume ameyafunga maneno yote mawili pamoja, kwa kuwa neno la fidia pale ni antilutron, lenye anti mbele yake, kisha linafuatwa na huper ya wote.

Sasa swali la mzee, ambalo ndilo lililonikosesha usingizi.

Ukiyatazama matumizi ya anti utaona kwamba neno lenyewe halina dhambi wala utakatifu. Ni kama mkono, unaweza kubariki au kuua. Torati ilipoweka jicho anti jicho, katika Kutoka 21, ilikuwa inafunga breki. Kabla yake alikuwapo Lameki wa Mwanzo 4, aliyejisifu kwa wake zake kwamba kisasi chake ni mara 77. Torati ikasema hapana: jicho moja kwa jicho moja, si kijiji kizima kwa jicho moja. Tena Kumbukumbu la Torati 24:16 ikakataza baba kuuawa kwa kosa la mwana, au mwana kwa kosa la baba. Ndugu zangu, sisi tuliotoka Kivu hatuwezi kudharau breki hiyo na kuiita ya watu wa kale. Mnamo Agosti 1998 kule Kasika maofisa wa jeshi waliviziwa njiani wakauawa. Waliolipa si walioweka mtego. Waliolipa ni wanavijiji, mamia yao, na waliokuwa parokiani. Na usiku wa tarehe 13 Agosti 2004 kule Gatumba, upande wa Burundi, wakimbizi wa Kongo waliokuwa wamelala katika mahema waliuawa, zaidi ya watu 150, wanawake na watoto wengi kati yao, kwa sababu ya kabila lao. Nimetaja mahali pawili makusudi. Katika makazi haya wako wanaolia kwa ajili ya pale pa kwanza na wako wanaolia kwa ajili ya pale pa pili, na wanachota maji bomba moja. Aliyeua katika mahali pote pawili alikuwa na anti yake: simpati aliyenikosea, basi nakuchukua wewe mahali pake, maana mnasema lugha moja.

Na jambo hili halihitaji vita. Mwaka jana mbuzi wa mtu aliibiwa katika kijiji kimoja cha makazi, sitakitaja. Aliyeshukiwa alikuwa amekwisha kwenda zake mjini. Wakamkuta mdogo wake, mtoto wa miaka kama 15, wakamfunga kamba kwenye mti tangu saa nne ya asubuhi hadi jua kuzama. Nilipofika nikauliza huyu amefanya nini. Nikajibiwa kwa utulivu kabisa: huyu hakufanya kitu, mchungaji, ila kaka yake hayupo. Jioni akaja baba yao mdogo, mzee mwenye kikohozi ambaye wengi wenu mnamfahamu. Akasema mbele ya watu wote: mfungueni mtoto, mbuzi nitalipa mimi. Akalipa kwa vibarua, kidogo kidogo, ikachukua miezi minne.

Angalieni sana. Mbuzi ni yule yule na mwizi ni yule yule. Mara mbili siku ile mtu asiye mwizi alisimama mahali pa mwizi. Lakini mtoto alisimamishwa, na mzee alisimama. Mimi naona hapo ndipo penye mpaka wote. Kihusishi ni kimoja, ila lazima uulize: nani amemweka huyu mahali hapa? Kama ni wenye nguvu waliomweka asiye na nguvu, hiyo ni dhuluma hata ukiiita desturi ya mababu. Kama amejiweka mwenyewe, tumekwisha toka kwenye dhuluma, tumeingia kwenye jambo jingine.

Biblia inatuonyesha watu wawili wanaofanana kwa maneno na kuachana kabisa kwa moyo. Wa kwanza ni Kayafa. Katika Yohana 11:50 anawaambia wenzake ni afadhali mtu mmoja afe huper watu wote. Kitheolojia maneno yake ni sahihi, Yohana mwenyewe anasema kuhani alitabiri bila kujua. Lakini Kayafa hakuwa na nia ya kufa. Alikuwa anachagua mwingine ili cheo chake na hekalu lake vibaki salama. Kila kiongozi anayemtoa mdogo wake apotee ili ofisi isiguswe, huyo amesoma katika shule ya Kayafa.

Wa pili ni Yuda mwana wa Yakobo. Huyu katika Mwanzo 37 ndiye aliyetoa shauri la kumwuza Yusufu, na ndugu zake wakapata vipande 20 vya fedha. Mtu anti fedha. Miaka ikapita, njaa ikawapeleka Misri kutafuta chakula, kikombe kikaonekana katika gunia la Benyamini, na mtoto akawa wa kubaki utumwani. Ndipo Yuda akasogea. Katika Mwanzo 44:33 anamwomba mkuu wa Misri abaki yeye kuwa mtumwa, na mtoto aende zake na ndugu zake. Biblia ya kale ya Kiyunani, ile iitwayo Septuaginta, imeandika hapo: anti ya mtoto. Aliyemweka ndugu yake upande wa pili wa mizani ya fedha sasa anapanda mwenyewe kwenye mizani. Yusufu hakuweza kujizuia tena, akalia hata Wamisri wakasikia. Na Bwana wetu alitoka katika kabila la huyo Yuda.

Yesu mwenyewe aliliweka wazi jambo hili katika Yohana 10:18: hakuna amwondoleaye uhai wake, anautoa kwa hiari. Kayafa alidhani anamtoa. Pilato alidhani ana mamlaka. Kumbe aliyesimama pale alikuwa amekwisha kujitoa kabla yao.

Mzee wangu hataridhika bado, namjua. Atasema: hata kama mtu amejitolea, hakimu hawezi kumfunga mtu mwema akamwachia mwovu. Baba akijitolea kufungwa kwa ajili ya mwanawe aliyeua, mahakama itakataa, na itakuwa imefanya vema. Nakubali. Hatia haihamishwi kama gunia kutoka bega hadi bega. Lakini angalia Bwana alitumia neno gani pale Marko 10. Hakutumia neno la mahakamani. Alitumia lutron, na hilo ni neno la sokoni na vitani: bei ya kumtoa mtumwa, au mateka, awe huru. Sisi tunalijua neno fidia kuliko wanatheolojia wengi wa Ulaya. Watu wametekwa katika barabara za Kivu, simu ikapigwa, ukoo ukauza ng'ombe na shamba. Hakuna aliyemwuliza mjomba kama ni haki yeye kulipa wakati hakutekwa yeye. Tuliuliza jambo moja tu: ametoka?

Walimu wa kale waliulizana fidia ile alilipwa nani. Origeni wa Aleksandria alifikiri alilipwa Shetani. Gregori wa Nazianzo aliona ni aibu kusema mnyang'anyi alipwe na Mungu, akalikataa wazo hilo. Mimi niko na Gregori. Mfano una kikomo chake, Bwana alisema bei, hakusema duka. Ila Paulo katika 2 Wakorintho 5:19 anatuongezea jambo linalogusa swali la mzee moja kwa moja: Mungu alikuwa ndani ya Kristo. Anayedai na anayelipa hawakuwa wawili. Mwenye mbuzi ndiye aliyevaa vibarua vya miezi minne. Hapo hakuna hakimu aliyemkamata mtu wa tatu apitaye njiani. Kama tungehubiri msalaba kana kwamba Mungu alikuwa na hasira akamkamata asiyehusika, tungekuwa tumemfanya Mungu afanane na watu wa ile kamba na ule mti, na vijana wetu wangekuwa na haki ya kutuogopa.

Mtauliza habari ya kondoo dume aliyetolewa anti Isaka katika Mwanzo 22:13, maana yule hakuulizwa. Waebrania 10 imekwisha jibu kwamba damu ya wanyama haikuweza kuondoa dhambi, ndiyo maana akaja mwenye kusema ndiyo kwa kinywa chake. Sitakaa hapo.

Nataka kukaa kidogo kwa Waebrania 12, kwa sababu anti imo mara mbili katika sura hiyo, na moja inatugusa siku za mgao. Katika mstari wa 16 Esau anatoa haki yake ya mzaliwa wa kwanza anti mlo mmoja. Nimesikia wahubiri wageni wakiutumia mstari huo kuwakemea wanaouza kilo mbili za mahindi ya mgao wapate chumvi, sabuni na daftari la mtoto. Hilo si kosa la Esau, wapendwa. Mama anayefanya hivyo anajua hesabu. Esau alitoa kitu kisichorudi, ambacho hakikuwa chake peke yake bali cha watoto wake pia, kwa kitu kitakachoisha kabla ya usiku. Anayefanana na Esau ni baba anayemwoza binti wa miaka 14 ili apate pesa za mwezi mmoja, au anayeuza jina la mwanawe katika faili la safari ya kwenda Marekani, mtoto wa mwingine apande ndege mahali pake. Huyo naye ameweka mtu kwenye mizani bila kumwuliza.

Mara nyingine ni mstari wa 2, ambapo Yesu anavumilia msalaba anti furaha iliyokuwa mbele yake. Wafafanuzi wamegawanyika. Wako wanaosema aliacha furaha akachukua msalaba badala yake, na wako wanaosema alivumilia msalaba ili aipate furaha. Mimi nafuata hawa wa pili, na sababu yangu ni huyo Esau. Kwake kinachofuata anti ni kile alichokipata, yaani mlo. Mwandishi ni yule yule na sura ni ile ile. Basi kwa Yesu nako kinachofuata anti ni kile alichokuwa anakinunua, furaha, na msalaba ndiyo bei. Furaha gani? Nadhani ni ileile ya mzee mwenye kikohozi alipoona kamba inafunguliwa. Mwenye ufafanuzi mzuri zaidi anijie, tutaongea.

Kuna waliokosewa sana ambao watasoma haya na kusema mchungaji anatuambia tusidai chochote. Sivyo. Warumi 12:17 inakataza ovu anti ovu, haikatazi kumwita mwizi mwizi. Petro naye katika 1 Petro 3:9 anakataza ovu anti ovu na tusi anti tusi, kisha anaamuru kinyume chake, baraka, na hilo neno lake la "kinyume chake" kwa Kiyunani lina anti ndani yake. Mwenye mbuzi alistahili mbuzi wake. Na yule kaka bado ana deni kwa baba yake mdogo, na kwa mdogo wake aliyefungwa. Akirudi atakaa mbele ya wazee, ajibu kwa kinywa chake. Waliofanya mambo ya Kasika na ya Gatumba nao wana majina yao, na majina hayo si ya jirani yako.

Nimalizie kwa anti ambayo watu huisahau, Mathayo 17:27. Wakusanyaji wa kodi ya hekalu wamemjia Petro. Kodi ilikuwa drakma mbili kwa kila mtu, na katika Kutoka 30, inakotoka, iliitwa ukombozi wa nafsi, tajiri asizidishe wala maskini asipunguze. Bwana alikuwa amekwisha kueleza kwamba wana hawatozwi, yaani yeye hakudaiwa. Lakini akamtuma Petro baharini na ndoana, na katika kinywa cha samaki kulikuwa na stateri moja, yaani drakma nne. Hakumwambia Petro alipe yake kwanza kisha wataona. Alimwambia atoe sarafu ile anti yangu na yako. Sarafu moja kwa wawili, yule asiyedaiwa na yule anayedaiwa, wameandikwa katika risiti moja.

Jumatano ijayo tutasoma Filemoni, ni sura moja tu. Njoni na Biblia, na mwenye taa ya sola aje nayo.